Mama ana jino la kupandikiza, fizi inatoa usaha. Tuling'oe?

BintiMbeya: Habari za jioni wakuu. Mama alipandikiziwa gego la chini baada ya meno yake kulegea na kutoka kwa ugonjwa wa fizi. Sasa fizi hapo imevimba, akipiga mswaki damu inatoka, ukibonyeza unaona usaha. Maumivu hana na jino halitikisiki. Duka la dawa wanatupa antibiotiki, anapata nafuu, kisha yanarudi yaleyale. Ana kisukari pia. Majirani wanasema mwili umekataa chuma. Ni kweli?

MzeeKibo: Pole sana mwanangu. Asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi na atafune karafuu. Mimi ilinisaidia.

TabibuKinywa: Shikamoo mzee. Maji ya chumvi hayadhuru, ila hayafiki kwenye tatizo lenyewe.

Binti, mwili kukataa titani, yaani chuma cha kipandikizi, ni jambo adimu. Maelezo yako yananipeleka kwa bakteria, na huenda ni walewale waliomtoa mama meno ya awali. Anayejulikana zaidi ni Porphyromonas gingivalis. Haipendi oksijeni, hujificha chini ya ufizi, na hujilisha madini ya chuma yaliyomo kwenye damu, kwa hiyo fizi inayovuja damu kila siku inamwekea chakula mezani. Huandamana na Tannerella forsythia na Treponema denticola. Mwaka 1998 watafiti waliwaweka watatu hawa kundi moja, maana ndio hukutwa pamoja pale fizi ilipoharibika zaidi.

Dawa haimalizi kwa sababu bakteria wamejijengea utando mnato juu ya skrubu ya kipandikizi, na dawa ya kumeza hupenya humo kwa shida. Utando lazima ukwanguliwe kwa vifaa. Dawa ni msaidizi tu.

Kinachonipa wasiwasi ni hiki: jino la asili limeshikwa na nyuzi zinazoingia kwenye mzizi wake. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, hivyo maambukizi hushuka mfupani upesi. Na kwa kuwa kimeshikana na mfupa moja kwa moja, hakitikisiki mpaka mfupa uwe umeliwa sana. Msisubiri kianze kuuma au kucheza.

Apigwe eksirei, ilinganishwe na ile ya alipowekewa. Mfupa ukiwa palepale, usafishaji wa kina unaweza kuirudisha fizi. Ukiwa umeshuka, pengine ufizi ufunguliwe ili skrubu isafishwe vizuri. Kung'oa ni hatua ya mwisho.

Nahodha77: Sukari nayo msiiache. Ikipanda fizi haziponi, na fizi zikiwa na usaha sukari inakuwa ngumu kushuka. Ombeni kile kipimo cha wastani wa miezi 3. Kama kuna sigara au ugoro, aache kabisa.

BintiMbeya: Asanteni sana, nimeelewa. Ugoro hatumii. Ila eksirei ya mwanzo hatukupewa.

TabibuKinywa: Rudini kliniki ile mkaiombe. Ikikosekana, mpya ndiyo itakuwa ya kulinganishia baadaye. Nyumbani, kila usiku apitishe kile kijiburashi cha katikati ya meno kuzunguka kipandikizi, taratibu, hata damu ikitoka kidogo. Na antibiotiki za kujinunulia zisimame leo, daktari ndiye aamue kama bado zinahitajika.