Plamu kavu: kuloweka, kuchemsha au chupa ya chai?

Binti wa Igoma
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 74, magego yamebaki mawili, na choo kigumu kinamsumbua tangu Pasaka. Daktari kashauri tujaribu plamu kavu kwanza kabla ya kurudia vidonge. Nikanunua nusu kilo mjini, zile nyeusi zenye kokwa. Bei yake sitaki hata kuikumbuka. Jana nikazibandika kama maharage, mkaa umejaa jiko, nikatoka kuanua nguo. Kurudi nakuta uji mweusi na kokwa zimegandia chini ya sufuria. Imebaki robo tu. Nasikia kuna njia tatu: kuloweka maji baridi usiku kucha, kuchemsha moto mdogo, au kumwagia maji ya moto kwenye chupa ya chai. Waliojaribu, ipi nzuri?

Mzee wa Kirumba
Pole binti. Fikiria michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nani anabandika michembe mikavu kwenye moto mkali akaondoka? Kitu kilichokaushwa kinataka kurudishiwa maji yake polepole. Osha, weka kwenye bakuli, maji yapite juu vidole viwili, funika, lala. Asubuhi zimevimba. Mkaa wako unabaki kwenye gunia.

Mama Uji Buzuruga
Mzee shikamoo, lakini kwa mtu asiye na magego maji baridi hayatoshi. Ganda la nje linabaki gumu kidogo, linateleza mdomoni. Mimi naloweka kwanza, halafu napika na maji yale yale. Kikombe kimoja cha plamu, vikombe viwili vya maji, moto mdogo, dakika 10 hadi 15. Usipoloweka hesabu nusu saa. Iliki mbili, kipande cha mdalasini, na ganda la limao lililomenywa jembamba, ule weupe usiuweke maana ni mchungu. Sukari ngoja zilainike kwanza. Ukitangulia nayo, tunda linakuwa zito kunywa maji. Kusema kweli hazihitaji, zenyewe ni tamu tayari.
Kokwa zinatoka zenyewe ukibonyeza na kijiko. Zitoe ZOTE kabla ya kumpa mama.

Fundi Gesi
Chupa ya chai, mjadala ufungwe. Maji yaliyochemka, plamu nusu chupa, funga, baada ya saa tano au sita umemaliza, gesi umetumia ya kuchemsha maji tu.

Dada Nyegezi
Mkuu hujasema la mdomo wa chupa! Nilitumia ile ya kawaida ya mdomo mwembamba. Ziliingia kavu, zikavimba, zikagoma kutoka. Nimezichokonoa na uma mpaka mume wangu akaniuliza nimepoteza pete au nini. Na chai ya siku mbili zilizofuata ilikuwa na ladha ya plamu. Kama huna chupa ya mdomo mpana, achana na hiyo njia.

Mwalimu Fizikia
Nyongeza ndogo. Ziwa letu Victoria liko kama mita 1,134 juu ya bahari, kwa hiyo maji hapa Mwanza yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Chupa inaanza na joto pungufu.

Fundi Gesi
Ticha, plamu zangu hazijui hesabu hizo, zinalainika tu 😂

Muuguzi Ziwani
Naona mnashindana njia, lakini hakuna aliyemwambia asimwage maji. Tumezoea kumwaga maji ya maharage, hapa ni kinyume. Ndani ya plamu kuna nyuzinyuzi na sukari moja iitwayo sorbito. Hiyo sorbito huvuta maji kwenye utumbo na kulainisha choo, nayo huyeyuka majini. Ukimwaga, umemwaga sehemu nzuri ya dawa. Mama ale tunda, anywe na mchuzi wake, na maji mengine ya kunywa yasipungue.
Aanze na tatu au nne kwa siku, apandishe taratibu, la sivyo tumbo litajaa gesi. Kama ana tatizo la figo, uliza kwanza kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo. Kama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, vilevile uliza, zina vitamini K. Akiona damu au choo kikifunga kabisa, msihangaike na sufuria, mpelekeni hospitali.

Mtoto wa Lushoto (niko Mwanza kikazi)
Kwetu plamsi, yaani plamu mbichi, zinajaa msimu ukifika. Siwezi kuzianika juu ya bati nikapata hizi hizi?

Mama Uji Buzuruga
Siyo kila plamu mwanangu. Za Agen kule Ufaransa na za California ni aina yenye sukari nyingi, inakauka na kokwa yake bila kuchacha. Nyingine zinaoza karibu na kokwa kabla hazijakauka. Zipasue, toa kokwa, ndipo uanike. Na ujiandae, kilo tatu mbichi zinakupa kama moja kavu.

Dada Nyegezi
Nje ya mada: nani kaweka kwenye mchuzi wa sato? Moroko wanapika na nyama ya kondoo.

Mzee wa Kirumba
Kondoo sawa. Sato mwacheni na nyanya yake.

Binti wa Igoma
Mrejesho. Niliziloweka usiku kwenye sufuria, asubuhi dakika 12 kwenye makaa yaliyobaki baada ya chai, limao na iliki. Nimetoa kokwa, nimeziponda kidogo, mama kala nne na maziwa mgando, kanywa na maji yake nusu kikombe. Leo siku ya tatu, asubuhi hakukaa chooni muda mrefu kama zamani. Swali: sina friji. Zilizobaki tangu juzi zina povu juu, bado zinafaa?

Muuguzi Ziwani
Hapana, zimechacha hizo. Mwaga, na uwe unapika za siku moja.

Mzee wa Kirumba
Loweka nne tu kila usiku, binti. Hizo kavu funga vizuri kwenye kopo, sisimizi wa Igoma nawajua.