Naomba ushauri: nguvu 18 ni sawa na binadamu yupi?
Wanajamvi, naomba ushauri wenu. Ninaongoza mchezo wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, kwa vijana wanne, na mmoja wao, mnyanyua vyuma, anataka mhusika wake apewe alama za uwezo, kama vile nguvu, zinazolingana na mwili wake mwenyewe. Kwa kurusha dadu tatu, alama 18 hupatikana mara 1 kati ya 216, kwa hiyo si muujiza. Lakini kanuni za toleo la tano humruhusu mwenye nguvu 20 kuinua takriban kilo 272 tu, ilhali Hafþór Björnsson, mnyanyua vitu vizito wa Iceland, aliinua kilo 501 mwaka 2020. Nguvu angalau hupimika kwa mizani. Je, hekima, ambayo mchezo huitenga na akili, nitaipimaje bila kumvunjia mtu heshima?