Mtoto wa miaka 8 hafanyi lolote mpaka aambiwe: nianzie wapi kumwachia mambo yake?

Mlezi_Ghorofani
Wakuu, naomba ushauri wa vitendo. Mtoto ana miaka 8, darasani anafanya vizuri, lakini kila kitu mpaka aambiwe: oga, vaa, panga begi, kaa usome. Asubuhi ni mbio, gari la shule halisubiri. Jioni anarudi amechoka, ana mazoezi ya masomo mawili au matatu. Kwa mwendo huo kumfanyia ni rahisi kuliko kumngoja. Nataka ajitegemee, ila alama zisiporomoke na barabarani asije akaumia. Nianze na lipi, kwa hatua zipi? "Mwache tu akue" nimeisikia vya kutosha.

Bi_Taratibu
Anza na begi, na uanze jioni. Asubuhi ni saa mbaya kuliko zote ya kumfundisha mtoto jambo jipya: hakuna muda wa yeye kukosea, kwa hiyo utamnyang'anya kazi mkononi.

Mwachie jukumu moja, lakini lote. Wengi hukosea hapa: mtoto anapanga madaftari, halafu mzazi anahakiki. Akishajua mhakiki yupo, hana sababu ya kukumbuka.

Wiki ya kwanza pangeni pamoja, huku ukiyasema mawazo yako kwa sauti: "Kesho Jumanne, kuna hesabu na sayansi, basi nahitaji rula." Ratiba ibandike usawa wa macho yake, si yako. Wiki ya pili panga wewe, lakini ubakize vitu viwili vya mwisho. Yeye atazame ratiba, aseme kilichokosekana, akitie, afunge zipu, aliweke begi mlangoni. Kila baada ya siku mbili mwongezee hatua moja, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Ukianzia mwanzo atachoka katikati na wewe ndiye utakayemalizia. Ukianzia mwisho, kila jioni anayemaliza kazi ni yeye. Wiki ya tatu kaa chumba kingine.

Maagizo manne kwa mpigo humpotea mtoto wa umri huo, na huo si ukaidi. Uliza moja tu: "Begi limefikia wapi?"

Atasahau daftari, na usimpelekee. Zungumza na mwalimu mapema kwamba anajifunza kujipangia, ili adhabu isizidi kosa. Akirudi usimwambie "si nilikwambia". Muulize alitazama ratiba kabla ya kufunga begi au baada yake. Dawa na maji ya kunywa haviingii katika somo hili, hivyo hakiki wewe kila siku.

Mwalimu_Msingi
Naunga mkono, ila usianze wiki ya mtihani. Mtoto mwenye hofu hurudi kwenye mazoea, na mzazi mwenye hofu ndiye wa kwanza kuvunja makubaliano.

Kwa mazoezi ya nyumbani, mzazi simamia muda, mahali na utulivu. Majibu ni ya mtoto. Akifika, apumzike na kula kama nusu saa, kisha achague mwenyewe somo la kuanza. Afanye dakika 15 hadi 20, asimame dakika 5, aendelee. Akikwama asome swali kwa sauti, halafu atafute mfano unaofanana nalo kwenye daftari, ndipo akuite. Nawe msaidie kwa mfano wenye namba nyingine, usiguse swali lenyewe.

Shule nyingi za Marekani hutumia kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa, yaani darasa la tatu ni nusu saa kwa siku. Kazi ikizidi sana, funga daftari na uandike: "Amefanya dakika 40, amefika swali la 6." Ujumbe huo unatusaidia walimu mno. Daftari lililonyooshwa na mzazi hutudanganya. Tunadhani mada imeeleweka, tunasonga mbele, na pengo linakuja kuonekana kwenye mtihani.

Usingizi usiuguse. Miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12. Anayeamka saa 11 alfajiri awe amelala saa 2 usiku, hata kama swali moja limebaki.

Mlezi_Ghorofani
Asanteni sana, begi linaanza leo. Mwalimu, ya ujumbe sikuwahi kuifikiria. Na kwenda dukani peke yake je?

NjiaPanda
Kwa miaka 8 chagua njia isiyovuka barabara kubwa. Watoto wa umri huo hukosea kukadiria kasi ya gari linalokuja, na kimo chao huwaficha nyuma ya magari yaliyoegeshwa.

Kwanza yeye aongoze, wewe fuata hatua mbili nyuma ukiwa kimya. Kisha hatua ishirini. Kisha mkutane mwisho wa njia. Ndipo aende peke yake, njia ileile na saa ileile. Usipande ngazi kabla hajafanya safari tano mfululizo bila kukumbushwa.

Kwenye vivuko vidogo asimame ukingoni, atazame pande zote mbili, asikilize, asubiri gari lisimame kabisa. Mkazie hili: gari lililosimama kumpisha huficha pikipiki inayolipita. Akipita mbele ya gari hilo, afike usawa wa ubavu wake wa mbali, asimame, achungulie tena. Watoto wengi hujua kutazama mara ya kwanza, ya pili hawafundishwi.

Akariri namba mbili za simu kichwani. Akipotea asimame palepale, au aombe msaada kwa mhudumu aliye kaunta. Muwe na neno la siri. Asiyelijua hamchukui, hata akiwa jirani. Na akiwa njiani usimpigie simu kuuliza amefika wapi, kwani anaweza kuipokea katikati ya barabara. Kubalianeni dakika za kurudi, zikipita kumi ndipo umfuate kwa njia hiyohiyo.

Zijue pia sheria za mahali ulipo; baadhi ya nchi zina masharti kuhusu kumwacha mtoto bila mtu mzima.