Kompyuta, DAC na amplifaya ya mzee: spika zinavuma, nisaidieni

MkaziTororo
Hamjambo ndugu zangu. Mzee wangu amenipa amplifaya yake ya miaka ya themanini, spika mbili za mbao na katoni zima la CD, nyingi za Afrigo Band na za Kikongo. CD zote nimezihamishia kwenye kompyuta ya mezani kwa faili za FLAC, sauti isipungue. Mwezi uliopita nikanunua DAC ya mtumba Kampala kwa shilingi 180,000, kile kiboksi kinachogeuza sauti ya dijitali iwe ya analogia. Nyuma ina USB, tundu la mwanga na tundu la koaksio.

Nikiiunganisha kwa USB, spika zinavuma mmmm hata kabla sijacheza wimbo. Nikichomoa USB, kimya. Na muziki wenyewe unakwaruza, besi imejaa kama mtu anaimba ndani ya pipa. Aliyeniuzia anasema ninunue waya wa USB wa bei kubwa. Fundi wa mtaani anasema tukate pini ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, kwenye plagi ya kompyuta. Mzee anakuja Jumamosi ijayo na ninataka sana asikilize muziki wake ukiwa safi. Nifanye nini?

Mbale_Redio
Pole ndugu. Hela ya waya iweke kwanza. Muziki wa CD ni biti 16 kwa kilohezi 44.1, yaani sampuli 44,100 za sauti kila sekunde, jumla kama megabiti 1.4 kwa sekunde. USB 2.0 imeundwa kwa megabiti 480. Waya wa printa unatosha kabisa, mradi usiwe mrefu kupita mita 5. Tuambie, nyaya mbili za RCA, zile za sauti ya kushoto na kulia, kutoka DAC umezichomeka wapi kwenye amplifaya?

MkaziTororo
AUX ina dekoda, tundu la CD limelegea. Nimechomeka palipoandikwa PHONO.

Mbale_Redio
Basi hapo ndipo kwenye lile pipa lako. PHONO ni ya sindano ya santuri, inayotoa milivolti chache tu. Amplifaya inaikuza mno, tena inapandisha besi na kushusha sauti nyembamba, kwa sababu santuri huchongwa kinyume chake. DAC ya kawaida inatoa kama volti 2. Lazima ikwaruze. Hamia TAPE, upande wa PLAY, si REC.

MkaziTororo
Nimehamia TAPE PLAY. Asante sana, sauti imefunguka, nasikia hadi vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gita! Mvumo umepungua lakini upo.

FundiArua
Kaka, swali moja. Ukigusa boksi la chuma la kompyuta kwa mgongo wa mkono, miguu peku sakafuni, unahisi chochote?

MkaziTororo
Eeh, kama sisimizi wanatembea. Nilidhani ndivyo zilivyo kompyuta zote.

FundiArua
Hapana, na usiizoee hali hiyo. Soketi yako haina ethi inayofanya kazi. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele, moja kutoka laini, waya unaoleta umeme, hadi bodi ya chuma, nyingine kutoka nyutro, waya unaourudisha, hadi bodi hiyo hiyo. Ethi ikiwepo, ule umeme kidogo unaovuja unaenda zake ardhini. Isipokuwepo, bodi inakaa katikati ya laini na nyutro. Umeme wetu ni volti 240, kwa hiyo bodi ina kama 120. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unatekenya tu. Sasa mkondo huo unatafuta njia, na unaipata: bodi ya kompyuta, ganda la waya wa USB, DAC, RCA, amplifaya, kisha waya wa dekoda hadi dishi na nguzo yake iliyochimbiwa ardhini. Mvumo ni hezi 50 za umeme zikipita humo. Chomoa waya zote za dekoda kwenye amplifaya usikilize.

MkaziTororo
Nimechomoa. Mvumo umekufa karibu wote.

FundiArua
Umeona. Na huyo anayetaka kukata pini, mkatalie. Siku laini ikigusa bodi ndani ya kompyuta, ethi ndiyo inayofanya fyuzi ikatike. Bila hiyo, wa kwanza kushika boksi ndiye atakayekuwa ethi, na inaweza kuwa mtoto. Ita fundi umeme mwenye leseni akague kuanzia kwenye mita hadi fimbo ya ardhini.

KaswidaBombo
Naunga mkono kwa moyo wote, dada yenu narekodi kaswida Bombo na ugonjwa huu naujua. Baada ya ethi, angalia kama nyuma ya kompyuta kuna tundu dogo la mraba lenye mwanga mwekundu. Waya wa mwanga ni plastiki tupu, hauna chuma cha kupitisha umeme, kwa hiyo kompyuta na amplifaya zinatengana kabisa kiumeme. Unabeba hadi kilohezi 96 bila taabu, na CD zako zinahitaji 44.1 tu.

Kwenye Windows, ingia mipangilio ya sauti ya tundu hilo, weka hezi 44,100, la sivyo kompyuta inazibadilisha sampuli njiani. Mimi natumia foobar2000, programu ya kuchezea muziki, kwa njia ya WASAPI ya kipekee, yaani programu hiyo peke yake ndiyo inayotumia tundu la sauti, hapo mlio wa ujumbe hauingilii wimbo. Sauti ya kompyuta iache asilimia 100, punguza kwenye amplifaya. Kabla ya wimbo wa kwanza, kifundo cha amplifaya kiwe chini kabisa!

MkaziTororo
Mrejesho. Fundi umeme alikuja Alhamisi. Waya wa shaba unaoshuka ukutani hadi kwenye fimbo ulikuwa umekatwa, umebaki kipande cha shubiri moja kimeota kutu ya kijani. Sijui ni lini. Ameweka mpya, akapima. Sisimizi wameondoka. Tundu la mwanga lipo, nilikuwa nimeliziba na kifuniko chake. Waya nimeupata, nikiuelekeza kiganjani unatoa doa jekundu. Nimerudisha dekoda. Kimya, hata nikiweka sikio kwenye spika.

FundiArua
Mzee amesemaje?

MkaziTororo
Amefika jana. Alisikiliza nyimbo mbili za Kikongo bila neno, macho amefumba. Ya tatu akainua mkono, akasema gita la solo miaka yote lilikuwa kushoto kwake, mbona leo liko kulia. Nimekagua, ni kweli, RCA nilizibadilisha siku ya kuhamia TAPE. Nimezirudisha na tunaendelea na CD ya pili.