Kitongoji cha makuti, Zimamoto iko mbali: tuanze na nini?

Mkaazi_Micheweni
Assalaam alaykum. Kitongoji chetu kina nyumba kama 30, nyingi za makuti na zimebanana. Majiko ya kuni yako uani, mengine yamegusana na nyumba. Kisima kiko mita 150. Gari la Zimamoto likiitwa, mpaka limalize njia yetu ya vumbi, paa limeshakwisha. Kamati imechangisha pesa kidogo na wengi wanataka tununue mitungi miwili ya kuzimia moto. Kaskazi nayo ndiyo hiyo. Tununue?

FundiPaa_Konde
Wa alaykum salaam. Mitungi isubiri. Mtungi wa unga wa kilo 6 ukifunguliwa haufiki nusu dakika. Kwa moto mdogo unaoanza unafaa, kwa paa hapana: unga unapeperuka, na makaa yaliyojificha katikati ya tabaka za makuti yanawaka upya.

Paa likishashika, nyumba hiyo ihesabuni imekwenda. Toeni watu, na mtu asirudi ndani kufuata godoro. Kazi iko nyumba ya pili na ya tatu, kule upepo unakoelekea. Kaskazi inasukuma moto kusini-magharibi, kwa hiyo tangu leo mnaweza kujua jiko la fulani likiwaka ni paa la nani litakalofuata.

Kundi moja lirowanishe makuti ya jirani na kuua cheche. La pili lishushe paa. Hapa ndipo wengi hukosea: wanachomoa makuti moja moja kutoka ukingoni. Safu ya juu imeilalia ya chini, hayatoki. Apande mtu kwa ngazi, akate kwa panga kamba zinazoshika fito kwenye makombamoyo (miti minene inayobeba paa), kisha walio chini wavute kwa upembo. Bamba zima linashuka.

Upembo wenyewe: mti wa mkoko wa mita 4, ncha iwe nondo ya milimita 12 iliyokunjwa kama ndoana. Nondo ilale ubavuni mwa mti sentimita 30 na ifungwe kwa waya mahali patatu. Ukiipigilia kwa msumari tu, mvuto wa kwanza inang'oka.

Maji: kwa mita 150, watu wakisimama mita moja na nusu kila mmoja, mnataka watu 100 wa kupokezana ndoo. Hamnao. Pesa zenu zinunue mapipa ya lita 200, moja kwa kila nyumba tatu au nne, yenye vifuniko (mbu hao!), na ndoo mbili za lita 10 kila pipa. Ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Nani atairusha ifike paani?

BiMapishi
Kaka kaeleza vizuri, ila huko ni mwisho wa safari. Moto unaanzia jikoni. Shusheni kuni zilizoanikwa uchagani juu ya mafiga. Zinakauka haraka, kweli, lakini ulimi mmoja wa moto ukiruka unazikuta tayari, na juu yake ni makuti. Juu ya mafiga wekeni bati mbili. Ukuta wa upande wa upepo uwe wa udongo, si wa makuti.

Jivu lisimwagwe kwenye lundo la makumbi. Kaa la moto ndani ya jivu linakaa hai hata usiku mzima. Mwagia maji, koroga, mwagia tena.

Na karai la mafuta likishika moto, hasa Ramadhani watu wanapokimbizana na sambusa: USIMWAGE MAJI. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Lifunike kwa sinia kubwa la chuma, ondoa kuni, na usifunue mpaka lipoe kabisa. Karai lisibebwe kupelekwa nje.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida dakika 20. Dawa ya meno na samli ziacheni.

Mkaazi_Micheweni
Ahsanteni. Vipi wenye gesi na vibatari?

Fundi_Wete
Gesi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni hadi ilikute jiko la kuni la jirani. Mtungi usimame wima mahali penye hewa. Kila ukibadilisha, paka povu la sabuni kwenye maungio na mpira wote; povu likifura, panavuja. Ukinusa gesi: funga mtungi, fungua milango, swichi ya taa usiiguse. Moto ukitoka kwenye mpira, funga valvu kama mkono unafika. Kama haufiki, usihangaike kuuzima. Gesi itaendelea kutoka bila kuwaka na baadaye ilipuke. Ondokeni.

Kibatari kisijazwe kikiwaka, na kisilale karibu na chandarua. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli ndiyo balaa. Petroli inatoa mvuke unaoshika moto hata penye baridi, na mvuke huo hujaa ndani ya kibatari chenyewe. Dumu likinuka petroli, mrudishie muuzaji.

FundiPaa_Konde
Nilisahau mwito. Kipaza sauti cha msikiti kinafaa, ila umeme ukikatika kinanyamaza. Tundikeni rimu ya gari kwenye mwembe pamoja na kipande cha nondo, na watoto waambiwe isigongwe kwa mchezo. Namba ya kituo cha Zimamoto iandikwe kwa rangi ukutani kwa sheha na dukani, na awepo mtu wa kwenda kulipokea gari barabara kuu.