Kompyuta ya halmashauri imeuzwa mnadani, kumbukumbu za ardhi ya kijiji zimeenda nayo. Nani anawajibika?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Kuna halmashauri moja mkoani Kigoma, jina naliacha kwa sasa kwa sababu suala la wazee bado liko mezani kwao. Kijiji chetu kilikuwa na mgogoro wa mpaka na kijiji jirani, mgogoro ambao ulikwisha zamani. Mwaka 2013 wapimaji walikuja na GPS, mikutano mikuu ya vijiji vyote viwili ikakaa, muhtasari ukasainiwa, ramani ikachorwa. Sasa watu wameanza tena kung'oleana mihogo. Wazee wakaniomba niwafuatilie nyaraka hizo, kwa kuwa nimesomea utunzaji kumbukumbu pale Chuo cha Utumishi wa Umma, kampasi ya Tabora, na nimefanya kazi masjala, yaani ofisi ya kutunza mafaili, kabla ya kuacha ajira.

Masjala sina ugomvi nayo. Binti aliyekuwepo alilitoa faili bila kunizungusha, limefungwa vizuri, folio (karatasi za ndani ya faili) zote zina namba. Karatasi za mwanzo ni za miaka ya sabini, wakati wa Operesheni Vijiji, kopi za kaboni zilizochapwa kwa taipureta. Wino umefifia lakini kila neno linasomeka, mpaka sahihi ya katibu tarafa. Nikafungua hadi folio ya mwisho. Ni nusu karatasi, imeandikwa kwa peni: "Ramani na muhtasari, tazama nakala laini kwa Afisa Ardhi."

Nikamuuliza binti, "Dada, hiyo nakala laini naipataje?"

"Kaka, huyo afisa alishahamishwa mkoa. Ilikuwa kwenye kompyuta yake."

"Na kompyuta iko wapi?"

"Ilikuwa chakavu. Iliuzwa kwenye mnada pamoja na viti."

Nyuma ya jalada kulikuwa na bahasha yenye CD. Pale ofisini hakuna kompyuta hata moja yenye sehemu ya kuingizia CD, ikabidi kijana wa TEHAMA aazime kifaa nje. Tukaifungua. Majina ya mafaili yote yapo: ramani, muhtasari, orodha ya waliohudhuria. Lakini kila kimoja kina kile kimshale kidogo kwenye kona na ukubwa wa kilobaiti moja. Aliyenakili alinakili njia za mkato (shortcut) tu, siyo mafaili yenyewe! Ukibofya, inatafuta diski D ya kompyuta iliyouzwa mnadani. Aliyeinunua ni fundi, alishaifuta na kuweka Windows mpya siku nyingi.

Kwa hiyo kijiji kizima, watu waliokaa juani siku nzima wakakubaliana bila kumwaga damu, ushahidi wao umefutwa na mtu ambaye hata hakujua anafuta nini. Wala fundi simlaumu. Namlaumu kila aliyesaini karatasi za kuondosha kifaa kile bila kuuliza ndani kuna nini. Wangekuta kabati lina mafaili ya ardhi wasingeliuza na mafaili ndani yake.

Mzee mmoja ana daftari alimonakili namba za GPS siku ya upimaji. Tulipoliona tulifurahi sana, halafu afisa ardhi wa sasa akauliza swali la haki kabisa: hizi namba ni za Arc 1960 au WGS 84? Kwa wasiofahamu, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kutaja mahali ardhini kwa namba: ramani zetu nyingi za nchi zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati GPS yenyewe inasoma WGS 84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukazisoma kwa mwingine, nukta inasogea karibu mita 300 ardhini. Mita 300 ndiyo hayo mashamba yanayogombewa! Taarifa ya mfumo uliotumika inakaa kwenye kifaili kidogo kinachoambatana na ramani ya kompyuta. Ramani ya aina ile ni kundi la mafaili, na ukikosa hicho kimoja unabaki na michoro isiyojua iko wapi duniani. Mtunza kumbukumbu angekuwepo siku ya kukabidhi angelidai kundi zima, na angeandika nani alipima, lini, kwa mfumo gani, kwa mkutano upi. Hizo ndizo metadata, na bila hizo faili la kompyuta ni namba tupu.

Najua watakuja watu hapa kusema "serikali imeshaingia kidijitali, hayo ni ya zamani". Ndugu zangu, kuskani karatasi siyo kuhifadhi. Kuwa na mfumo siyo kuhifadhi. Hata ile nakala ya dharura anayochukua afisa TEHAMA kila wiki siyo hifadhi ya nyaraka. Kazi yake ni kurudisha mfumo ukianguka leo, na baada ya muda inaandikwa juu yake. Hifadhi ya nyaraka inamfikiria mtu atakayekuja kuuliza baada ya miaka 40, wakati programu iliyoandika faili lile haipo tena na waliolitengeneza wamestaafu.

Na sheria haina upungufu kwenye hili. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 inaitambua kumbukumbu kuwa taarifa iliyorekodiwa, iwe kwenye umbo lolote lile. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayoiruhusu mahakama kupokea kumbukumbu ya kielektroniki, ila mahakama itapima ilitunzwaje na kama mfumo ulioitunza unaaminika. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Sasa nenda kwenye baraza la ardhi na CD ya vimshale uone utapokewaje.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu ya muda. Sheria ya 2002 inatumia miaka 30 kama kipimo cha kufungua nyaraka kwa umma. Karatasi inaweza kusubiri. Ikae pakavu, mchwa na panya wasiifikie, baada ya miaka 30 utaikuta. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizopo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimepita Vita Kuu ya Kwanza, zikapita mikononi mwa Waingereza, na mwaka 1997 UNESCO ikaziingiza kwenye rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia. Faili la kompyuta la 2013 ukilisubirisha mpaka 2043 hutakuta kitu. Linatakiwa kushughulikiwa tangu siku linapozaliwa: liwe na nakala zaidi ya moja katika sehemu tofauti, ligeuzwe kwenda umbo la kudumu kama PDF/A kama ni maandishi, lipigiwe cheksamu (namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili) ili ikibadilishwa hata nukta moja ijulikane, na kila baada ya miaka kadhaa lihamishwe kwenye kifaa kipya kabla cha zamani hakijafa. Hakuna uchawi hapo. Kiwango cha kimataifa cha jinsi hifadhi ya namna hii inavyotakiwa kufanya kazi, ISO 14721, kipo tangu 2003.

Wala tusiseme ni mambo ya Ulaya. Arusha hapo, kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa 2015, zimekabidhiwa kwa taasisi iliyoirithi. Karatasi, sauti na video za mashahidi zinatunzwa kwa utaratibu, na za kidijitali zimo. Sisi Kigoma tuliopokea watu waliokimbia mauaji yale tunajua thamani ya mtu kuweza kuthibitisha kilichomtokea. Mkulima wa kijijini kwetu naye anastahili hivyo hivyo.

Halafu kuna hili la WhatsApp. Siku hizi maagizo ya kazi yanatumwa kwenye makundi, barua inapigwa picha, mkuu wa idara anajibu "sawa, endeleeni", na huo ndio uamuzi. Hauingii kwenye faili. Akihamishwa anaondoka na simu yake. Wenzangu wa masjala wa Tabora na Kigoma mnajua nasema nini.

Ninachotaka ni kidogo sana. Kompyuta ya umma isiondoshwe, na mfumo wowote usizimwe, mpaka mtunza kumbukumbu asaini kwamba kilichomo kimetolewa, kimefunguliwa kikaonekana kinafunguka, na kimekabidhiwa kwa orodha. Afisa anayehama akabidhi mafaili yake ya kompyuta kama anavyokabidhi funguo na gari. Hii inahusu hata wilaya zilizogawanywa. Mwaka 2012 zilizaliwa Uvinza, Buhigwe na Kakonko huku Kigoma, na Kaliua kule Tabora. Kila wilaya ikigawanyika, nani anaamua nakala za kompyuta zinabaki wapi na zinakwenda wapi? Na watunza kumbukumbu waingizwe kwenye vikao vya mifumo tangu mwanzo. Sasa hivi wanaitwa kubeba maboksi tu.

NYONGEZA: Wanaoniambia nimtafute yule afisa aliyehamishwa, nimeshampata kwa simu. Ni muungwana, amesema huenda alibaki na kitu kwenye flashi nyumbani kwake, ataangalia. Namshukuru, lakini haiwezekani mpaka wa vijiji viwili ukategemea droo ya nyumbani kwa mtu.

Ombi langu kwa walioko kazini: kama kuna mtu amewahi kusaini fomu ya makabidhiano ya kumbukumbu za kidijitali wakati kompyuta inaondoshwa au mfumo unafungwa, aiweke hapa, afute majina. Wiki ijayo naenda na wazee kumwona mkurugenzi, nataka nimwekee mezani mfano unaotumika, asije akaniambia utaratibu huo haupo.