Naomba ushauri: mtoto huyu nimweke tabaka gani?

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Nasoma shahada ya uzamili ya sosholojia hapa Dar es Salaam. Nafuata njia ya Annette Lareau, mwanasosholojia wa Marekani aliyeingia majumbani mwa familia 12 kuona tabaka linavyogusa malezi. Aliona watoto wa tabaka la kati wakipangiwa ratiba na kuzoezwa kujieleza mbele ya wakubwa. Wa familia za wafanyakazi na maskini wakiachiwa wacheze na binamu zao, na amri ya mzazi haijadiliwi. Shuleni wale wa kwanza ndio wanaofaidika.

Yeye aliangalia kazi za wazazi. Hapo ndipo nimekwama. Kwenye utafiti wangu, huko Mbagala kuna mtoto wa darasa la nne anayelelewa na bibi yake, muuza vitumbua. Mama yuko Morogoro. Ada ya shule ya kulipia anatuma mjomba aliye Muscat. Nikipima kwa vitu vya ndani, kaya ni ya chini. Nikipima kwa ada, ni ya kati. Msimamizi wangu anasema nichague kimoja, lakini moyo unakataa: mjomba huyo ndiye anayepiga simu jioni kuuliza alama za hesabu!

Tena kila nikifika naletewa kiti na soda, mtoto anaambiwa atulie, kuna mgeni. Nimejaribu kwenda saa za kupika nikakuna nazi nao, bado.

Waliowahi kufanya utafiti wa kaya: tabaka la mtoto wa namna hii mlilipimaje? Na mlifanyaje hadi mkaacha kuonekana wageni?

Natanguliza shukrani.